Nyumba Ndani ya Pipa la Dobi

Fundi Pimamaji hakuwa na ukuta wa mbele. Hakuwa na sebule, hakuwa na mlango wa kufunga, hakuwa na kizingiti cha kujikwaa. Hakuwa na kokoto, hakuwa na lori la kuletea kokoto, na hakuwa na ndugu mwenye lori. Hakuwa na pazia, maana mapazia manne yaliyokuwemo ndani yalikuwa ya wateja wa mkewe, yakisubiri pasi. Hakuwa na mahali pa kubadilishia suruali bila kuonwa na wapita njia. Alichokuwa nacho ni chumba kimoja kilichobaki wazi upande wa barabara, mke dobi, mama mkwe, mifuko sita ya saruji chini ya kitanda, ile pimamaji ya mbao iliyompa jina, na lundo la kifusi lililomzidi kimo.

Lundo hilo ndilo lililokuwa nyumba yake. Barabara ilipanuliwa, tingatinga likaja asubuhi na dereva aliyesalimia kwanza, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limekula sebule, baraza, jiko, chumba cha mama mkwe na ukuta mzima wa chumba cha kulala. Fidia ilitosha kununua ile mifuko sita, ikaishia hapo.

Kuishi katika chumba kisicho na ukuta wa mbele ni sawa na kuishi ndani ya kabati la kioo la duka. Fundi akivaa shati, mtu asiyemjua alimwambia kutoka barabarani kwamba vifungo vimepishana. Mkewe akipiga pasi, wanawake walisimama kumshauri juu ya kola. Lakini shida kubwa ilikuwa wakati wa kula. Mtu mwenye malezi hali mbele ya mpita njia bila kumkaribisha, na barabara ile, baada ya kupanuliwa, ilipitisha watu wengi kuliko zamani. Mkono wa Fundi ukawa unaishia katikati ya sahani na mdomo.

"Karibu tule."

"Asante, nimeshiba."

"Karibu tule, mwalimu."

"Asante, kuleni tu."

Siku ya tatu, wawili hawakuwa wameshiba.

Tarishi wa manispaa alipita kila siku saa saba na mkoba wake wa ngozi, akakaribishwa kama wengine, akajibu kila siku kwamba yuko kazini. Siku ya nne hakupita. Alisimama, akatoa bahasha, akaomba sahihi. Fundi aliisoma kwa sauti, tonge likiwa limesahaulika mkononi. Ndani ya siku sitini kifusi kiwe kimeondolewa kiwanjani, au kiwe kimeombewa kibali cha kutumika pamoja na ushahidi wa kitaalamu. Zikipita, manispaa itakiondoa yenyewe, pamoja na mabaki yote ya jengo.

"Mabaki ndiyo sisi?" aliuliza mama mkwe.

"Ndiyo sisi, mama," alisema Dobi.

"Basi mwambie mumeo amalize kula. Mabaki hayafikiri yakiwa na njaa."

Mama mkwe na mkwewe hawakusemezana moja kwa moja. Kwa heshima, Fundi alimtuma mkewe kwa mamaye, na mamaye akamtuma bintiye kwa mkwewe, hata watu watatu hao walipokuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja. Dobi alisema yeye peke yake alifanya kazi ya simu mbili.

*

Mwenye Lori alikuja kesho yake bila kuitwa. Alilizunguka lundo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Safari kumi na mbili," alisema. "Nakupeleka mpaka jalalani, naacha kiwanja kitupu. Halafu ukianza kujenga, kokoto mpya nitakuletea mimi mwenyewe."

Akataja bei ya kwanza, akataja na ya pili. Dobi aliweka pasi chini.

"Ngoja nielewe, shemeji. Utalipwa kuondoa mawe hapa. Halafu utalipwa kuleta mawe hapa."

"Ndiyo biashara, shemeji."

"Ukikutana na lori lako njiani utalisalimu?"

Watu watatu waliokuwa wamesimama barabarani walicheka. Mwenye Lori naye alicheka kidogo, kwa adabu, akaondoka akisema kwamba atarudi siku ya hamsini na tisa, wakati bei itakuwa imepanda.

Fundi hakucheka. Alikuwa akilitazama lile lundo kwa namna ambayo mkewe aliijua. Ndivyo alivyomtazama yeye mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, kabla hajatuma mshenga.

"Lile ni zege," alisema. "Ni zege na tofali. Zege ni kokoto zilizoshikana. Nikiliachanisha, kokoto ni zangu, na nilishazilipia mara moja."

Alivaa shati lake la kwenda ofisini, akahakikisha vifungo havijapishana, akaenda manispaa. Karani wa mapokezi alimpa fomu.

"Andika jina la mradi."

"Nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ile ile."

"Ile iliyobomolewa au mpya?"

"Ile ile, ikiwa mpya."

Karani alimwita mwenzake wa dirisha la pili aje asikie. Wakamwambia arudie. Fundi akarudia, kwa sauti ile ile na uso ule ule, hata wao wakaona haya, wakamfungulia mlango wa Mhandisi.

Mhandisi alikuwa mwanamke mwenye vumbi la kweli kwenye viatu, na hilo lilimpa Fundi moyo.

"Kwenye kitabu changu kifusi ni taka," alisema. "Siwezi kuruhusu watu walale chini ya taka. Lakini taka ikipimwa, nami nikaona namba, nitabadilisha kitabu. Niletee matokeo ya michemraba mitatu ya zege lako, sentimita kumi na tano kila upande. Ikae majini siku ishirini na nane, halafu ivunjwe kwenye mashine ya chuo cha ufundi. Kila mmoja ufike ishirini kwenye mshale wa mashine. Sio wastani. Kila mmoja."

"Usipofika mmoja?"

"Hapo nitamruhusu mwenye tingatinga."

*

Siku kumi na nne waligonga. Fundi alivunja kwa nyundo kubwa, Dobi kwa ndogo, na mama mkwe alikaa kwenye kigoda akichambua. Plasta kando, mbao kando, vioo kando, misumari ndani ya kopo. Kilichobaki kilipita kwenye chekeche, na kipande kilichozidi ncha ya kidole gumba kilirudi chini ya nyundo. Mama mkwe aliijua nyumba kwa vipande vyake.

"Hili ni la jikoni, lina moshi. Hili la baraza, ndipo alipoangukia mpiga picha mmoja. Hiki cha chumbani kwangu." Alikishika kipande cha plasta chenye rangi ya buluu iliyokoza, aliyoichagua mwenyewe.

"Mwambie mama plasta inadhoofisha zege," alisema Fundi. "Ikae kando yote."

"Mwambie mumeo nimesikia," alisema mama mkwe, aliyekuwa hatua moja kutoka kwake.

Zege la kwanza lilikataa. Fundi alichanganya kama alivyochanganya miaka thelathini, kwa vipimo vile vile, na kabla hajageuza mara ya pili lilikuwa limekauka kama unga. Akaongeza maji. Yakapotea. Akaongeza tena, akasita, maana alijua zege linalolewa maji halisimami.

"Kokoto za machimboni hazinywi hivi," alisema. "Hizi zina kiu."

Dobi alikuwa ameinamia pipa lake.

"Kwani wewe unatia nguo kavu kwenye rangi? Ukitia kavu, itanywa rangi yote mahali pamoja itoke na madoa. Unailoweka kwanza ishibe maji. Unaitoa, unaiacha ichuruzike, isidondoshe na isikauke. Ndipo unaitia kwenye rangi."

Kiburi kilimpanda Fundi hadi shingoni, kikakutana na akili ikishuka.

"Una pipa tupu?"

"Yote matatu yana maji tayari," alisema Dobi.

Wakaziloweka kokoto usiku kucha. Asubuhi wakazitandaza juu ya chekeche zichuruzike kama mashati. Na zege la siku ile lilikuwa laini na jepesi kugeuza, linang'aa, likitulia lenyewe ndani ya kalibu, vile visanduku vya kufinyangia michemraba. Fundi alijaza kalibu tatu alizoazimwa na chuo, akaita wapita njia waje waone. Alisema katika maisha yake hajapata zege tamu kama lile. Alisema wasomi wangekuja kumuuliza. Mpita njia mmoja alimuuliza kwa nini lina mapovu. Fundi akamjibu kwamba zege likiwa na furaha huwa hivyo.

Siku saba baadaye aliupeleka mchemraba mmoja chuoni ili kuonja mapema. Mzee wa Mashine, aliyekuwa amevunja zege la mji mzima kwa miaka ishirini na miwili, aliuweka kati ya vyuma viwili akavuta mpini. Mshale ulipanda hadi sita. Mchemraba ukasema *pu*, ukakaa chini kama andazi lililokaliwa.

Mzee wa Mashine aliokota kipande, akakigeuza. Kilikuwa na vitundu vidogo vidogo kila mahali. Akakinusa.

"Fundi," alisema taratibu, "zege hili mmelifua?"

*

Ugomvi wa jioni ile ulifanyika mbele ya barabara nzima, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuufanyia.

"Ulisema yana maji."

"Yalikuwa na maji."

"Yalikuwa na sabuni."

"Maji ya suuza ya pili. Ni safi kabisa, mimi huwa siyamwagi. Ungeuliza."

"Fundi anauliza maji ni maji?"

"Dobi ataulizwa sabuni ni nini?"

Mtu wa baiskeli alisimama, akaweka mguu chini. "Mimi naona dada yuko sahihi," alisema. "Angeuliza."

"Lakini na yeye angesema," alisema mwanamke mwenye kikapu.

"Zimebaki siku ngapi?" aliuliza mtu wa tatu.

Hapo ugomvi ukakatika, maana ilikuwa siku ya ishirini na sita, na michemraba mipya ilihitaji ishirini na nane. Dobi alihesabu kwa vidole. Wakimwaga zege kesho kutwa, litakuwa tayari siku ya hamsini na sita. Zinabaki nne. Akamtazama mumewe, akaziona ndevu zake zimejaa vumbi la jikoni lao la zamani, akakumbuka lile neno, zege lenye furaha. Kicheko kilianza tumboni akakizuia, kikatokea puani. Fundi alikaza uso kadiri alivyoweza. Alipoangua, alilazimika kushika nguzo ya kitanda. Mtu wa baiskeli akacheka asijue anacheka nini. Mama mkwe peke yake hakucheka, alisubiri wamalize.

"Mwambie mumeo," alisema, "safari hii pipa nalilinda mimi."

*

Na alililinda. Mapipa yalisuguliwa mara nne, yakajazwa maji ya bomba, na Fundi mwenyewe aliyaonja. Kokoto zililowekwa, zikachuruzika, zege likachanganywa bila kuitwa tamu na mtu yeyote. Siku ya ishirini na nane michemraba mitatu ilijazwa, na kesho yake ikatolewa kwenye kalibu na kuzamishwa ndani ya pipa kubwa. Mama mkwe aliweka kigoda chake pembeni.

Kwa Dobi zilikuwa siku za mkono mmoja. Pipa kubwa ndilo lililofua mashuka, na mashuka ndiyo yaliyolisha nyumba.

"Mashuka yangu vipi?" aliuliza mteja.

"Pipa lina wageni," alisema Dobi.

"Wanaondoka lini?"

"Wana wiki tatu bado. Hawapendi sabuni."

Wateja wawili walihamia kwa dobi mwingine. Wengine walirudi kila baada ya siku chache, si kwa ajili ya nguo, bali kuchungulia na kuuliza hali ya wagonjwa. Tarishi naye alipunguza mwendo akipita.

"Karibu tule, tarishi."

"Asante, niko kazini. Wamefikisha ngapi?"

"Kumi na saba."

"Wakue salama."

Siku ya hamsini na sita waliitoa michemraba majini. Mzee wa Mashine alikuwa ameagiza isikauke njiani, hivyo Dobi aliufunga kila mmoja kwa taulo lililolowa. Kila mmoja ulikuwa na uzito wa mtoto wa miezi mitano. Fundi aliukumbatia wa kwanza, Dobi wa pili. Mama mkwe aliutaka wa tatu.

"Mwambie mama ni mzito," alisema Fundi.

"Mwambie mumeo nilimbeba mke wake," alisema mama mkwe, akaufunga mgongoni kwa khanga.

Wakaingia barabarani hivyo, watu watatu kwenye mstari, maji yakidondoka. Kijana mmoja kituoni alimwachia mama mkwe nafasi kwenye benchi. Mwanamke aliyekaa karibu akachungulia taulo.

"Mapacha?"

"Watatu," alisema mama mkwe.

"Mungu mkubwa. Wana umri gani?"

"Siku ishirini na nane leo."

"Mbona huyu halii?"

"Amefanana na baba yake," alisema mama mkwe. "Mgumu."

Mlinzi wa chuo aliwazuia langoni, akasema watoto wachanga hawaruhusiwi karakana. Ilibidi Dobi afunue taulo. Mlinzi aliutazama mchemraba, akamtazama Fundi kwa huruma, akawafungulia.

*

Mzee wa Mashine aliufuta wa kwanza, akauweka, akavuta mpini. Mshale ulipita sita, ulipita kumi, ulipita kumi na tano kama haujui unapoenda. Kwenye ishirini na nne palisikika mlio mkali, vumbi likaruka.

"Ishirini na nne," alisema, akaandika.

Wa pili ulifika ishirini na tatu na nusu. Dobi aliushika mkono wa mumewe mbele ya mamaye, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku ya harusi.

Wa tatu ulikuwa ule uliobebwa mgongoni. Mshale ulipanda hadi kumi na nane. Hapo mchemraba ukatoa sauti ndogo, *tik*, na ufa mwembamba ukashuka ubavuni. Mzee wa Mashine alikunja uso. Fundi aliona tingatinga, aliliona waziwazi, na dereva wake mwenye adabu. Kumi na tisa. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Kumi na tisa na nusu. Mshale ulisimama, ukatetemeka, ukafikiri. Kisha ukajivuta, ishirini, ishirini na kidogo, ishirini na moja, na mchemraba ukapasuka katikati.

Ndani, katikati kabisa, palikuwa na kipande cha buluu kama ukucha.

"Nani ametia plasta humu?" aliuliza Mzee wa Mashine.

"Mimi," alisema mama mkwe. "Kimoja tu. Cha ukuta wa upande wangu. Niliona nyumba isisahau rangi yake."

Fundi alisahau heshima, alisahau mkewe aliyekuwa katikati yao, akamgeukia moja kwa moja.

"Mama, ulitaka kutuua."

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe, naye akimtazama usoni kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, "umefika ishirini na moja. Nani amekufa?"

*

Barua waliiandika kesho yake, siku ya hamsini na saba, juu ya meza ya kupigia pasi. Fundi alishika kalamu. Alikuwa na mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mkubwa, herufi zimenyooka kama zimepimwa kwa pimamaji.

"Weka kichwa cha habari," alisema Dobi. "Barua za ofisi zina kichwa."

Akaandika: YAH: KIFUSI AMBACHO SI TAKA.

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nilikuwa mwenye nyumba, sasa ni mwenye kifusi, na kwa heshima naomba kuwa mwenye nyumba tena. Naambatanisha matokeo ya michemraba mitatu, iliyotengenezwa kwa kokoto za nyumba ile ile. Kokoto zililowekwa na kuchuruzishwa kabla ya kuchanganywa, kwa utaalamu wa mke wangu ambaye ni dobi.*

"Utaalamu," alisema Dobi. "Rudia hapo."

Fundi akarudia.

"Na sabuni?" aliuliza mama mkwe. Tangu jana alimwuliza mwenyewe.

"Sabuni haihusiki, mama."

"Mhandisi ataulizwa na wengine. Nyumba zilizovunjwa hapa ni zaidi ya arobaini. Waandikie, wasije wakafua."

Fundi alifikiri. Lilikuwa jambo gumu kwa mtu kama yeye. Akaandika: *Natoa tahadhari, kwa uzoefu, kwamba maji yasiwe na sabuni hata kidogo.* Kisha akaweka sahihi.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa ukale. Dobi alichovya kidole kwenye bakuli la wanga, akapaka mdomo wa bahasha, akaukunja, akapitisha juu yake pasi ya uvuguvugu, polepole, kama kola ya bwana harusi.

Ilikuwa saa saba. Chakula kilikuwa kimeandaliwa, na Tarishi alikuwa anakuja na mkoba wake.

"Karibu tule, tarishi."

"Asante, niko..." Aliiona bahasha. Akawatazama wote watatu, mmoja mmoja. "Ngapi?"

"Ishirini na nne, ishirini na tatu na nusu, ishirini na moja," alisema mama mkwe.

Tarishi aliangalia saa yake. "Nikisubiri barua nitakuwa bado niko kazini," alisema, akavua viatu mahali ambapo zamani palikuwa na kizingiti, akakaa mkekani.

Alikula vizuri. Fundi alimwonyesha kwa mkono ukuta wa mbele utakapopita, na Dobi akasema uachwe dirisha kubwa, maana sasa wangekosaje kujua habari za watu. Tarishi alipomaliza aliomba maji, akanawa, akajifuta kila kidole, akanusa mikono yake kuhakikisha. Ndipo akaipokea bahasha kwa mikono miwili, ikiwa bado na joto, akaitia mkobani peke yake katika mfuko wa mbele, akafunga mkanda, na kuvuka barabara.